Kifuniko cha Sanduku la Birika

Nianze na ujinga wangu, maana nikiuacha mwisho utanionea huruma bure. Nilichukua bisibisi, nikafungua bawaba za sanduku la mtu nisiyemjua, nikaondoka na kifuniko chake ili nikiweke chini ya antena ya redio. Ndiyo hivyo. Mengine yote yalitokana na hapo.

Na yalitokea. Shuleni wananiita mwongo, na siku nyingi wana haki, kwa sababu ni mimi niliyemwambia mwalimu wa zamu kwamba bibi yangu amefariki, nikasahau kwamba nilishamzika muhula uliopita. Lakini hili sikulitunga. Ningelitunga ningejipa nafasi nzuri zaidi.

Nilikuwa kidato cha tatu. Likizo ya mwezi wa sita nilipelekwa Guangzhou kwa mama, ambaye ananunua mabegi na nguo za kupeleka Kahama. Wenzangu walidhani nimekwenda kustarehe. Nilikwenda kuwa miguu ya mtu. Mama viza yake ilikuwa imekwisha, kaomba kuongezewa akakataliwa, na mwaka ule msako ulikuwa mkali: pale Sanyuanli, mtaani kwetu, askari walikuwa wakisimamisha kila mweusi wamwombe pasipoti, barabarani, dukani, hata ngazini. Kwa hiyo mama alikaa ghorofa ya nane, nyumba isiyo na lifti, akisubiri mzigo wake upakiwe kwenye kontena ndipo ajisalimishe aondoke kwa utaratibu. Akikamatwa kabla, anafungiwa, na mzigo wa mwaka mzima unabaki bila mwenyewe. Mimi viza yangu ilikuwa hai. Basi asubuhi sokoni Guangyuan Xilu kuchukua sampuli, mchana kurudisha sampuli, jioni kuambiwa rangi siyo hiyo. Ghorofa nane kila safari. Nilichoka mpaka nikaanza kuota ngazi.

Chini ya ile nyumba palikuwa na stoo ya Mjomba Shabani. Si mjomba wangu, ni Mtanga, ajenti wa mizigo, ila kule kila mtu ni mjomba au shangazi wa mtu. Humo stoo, chini ya turubai, palikuwa na pikipiki kubwa ya safari, ya mteja wa Dar, yenye masanduku ya plastiki ubavuni na jingine nyuma. Mjini Guangzhou pikipiki zilikuwa zimepigwa marufuku, kwa hiyo lile dude lilikaa pale kama simba aliyekatazwa kunguruma. Mteja alitaka ifungwe redio ya setilaiti, ijaribiwe, ndipo ipakiwe. Mjomba akauliza nani anajua redio. Nikasema mimi. Hakuna aliyenilazimisha.

Kuifunga niliweza. Kuisikia ndiyo ikawa kazi. Redio ya setilaiti haikwaruzi kama hizi za kwetu. Ikikosa mawimbi inanyamaza kabisa, kama mtu aliyekasirika. Inasema maneno mawili ya Kichina, kimya. Nusu wimbo, kimya. Mjomba alikuwa anakwenda bandarini kwa siku mbili, akaniachia maelekezo mlangoni: "Antena itoe hapo kwenye usukani, mwili wa dereva unaiziba. Peleka nyuma, juu ya sanduku. Waya usipite karibu na plagi. Na chini yake tafuta bati, lile sanduku ni plastiki, antena inataka chuma cha kukalia. Halafu iangalie mbinguni, juu kabisa, kusini kidogo. Setilaiti ndiko iliko."

Bati nilipata wapi? Kona ya stoo palikuwa na sanduku la bati, kama yale ya bweni, limekaa mwaka mzima. Kule mizigo haiandikwi majina, inawekwa alama ya mwenyewe. Mama alama yake ni nyota mbili. Lile sanduku lilichorwa birika kwa rangi nyekundu, na mwenyewe alijulikana kwa hilo hilo, Birika. Walisema amekimbilia Makau, wengine wakasema karudishwa nyumbani. Na kuna sheria moja ambayo hata wezi wa kule wanaiheshimu: mzigo wenye alama ya mtu haufunguliwi. Mama aliniambia siku ya kwanza, kabla hata hajaniuliza habari za safari.

Nikafungua. Sikugusa vilivyomo, nakuapia, nilifunika na gunia. Kifuniko nikakifunga nyuma ya pikipiki, birika likatazama juu, antena nikaikalisha katikati ya birika.

Tatizo likabaki mbingu. Mitaa ya kule nyumba zimesogeleana mpaka jirani anaweza kukuazima chumvi dirishani. Anga unaloliona ni upana wa mkanda. Lakini mwisho wa kichochoro palikuwa na kiwanja cha kifusi, nyumba iliyobomolewa, na juu yake palikuwa wazi. Hatua sitini. Nikajua kabisa kwamba nikikutwa na pikipiki, hata ya kusukuma, swali la kwanza litakuwa unaishi wapi, na jibu la swali hilo liko ghorofa ya nane linapika ugali. Nikajua, nikaenda. Unataka nikueleze kwa nini? Nilikuwa nimechoka kuambiwa meiyou, hakuna, kila mlango. Nilitaka kitu kimoja kikubali.

Nilichagua saa sita na nusu mchana, saa ya kulala. Wachina wa sokoni saa hiyo wanalala kweli, kichwa juu ya meza, laoban, yaani tajiri mwenye duka, na mlinzi wake, kama kuna dawa imemwagwa. Nikasukuma. Ile pikipiki ilikuwa na uzito wa ng'ombe asiyetaka mnada. Kufika kifusini fulana ilikuwa imenigandia. Nikawasha redio. Kimya. Nikageuza antena kusini. Kimya.

"Siyo huko, dogo."

Kiswahili. Nikageuka, nikaona mtu wa miaka thelathini na kitu, mrefu, shati la mikono mifupi, amekaa juu ya matofali. Sikumsikia akija, na kifusi kinapiga kelele hata akipita paka.

Najua unachowaza. Kwamba ningeangalia kivuli. Niliangalia! Ila Guangzhou mwezi wa sita, saa ile, jua liko utosini, hata mimi sikuwa na kivuli. Nikaangalia miguu, maana tumefundishwa kwato. Miguu ilikuwa ya mtu, iliyochoka kama yangu. Mmoja umevaa kandambili, mwingine mtupu.

"Shikamoo kaka," nikasema. Halafu mdomo wangu, ambao haujawahi kunisaidia, ukaongeza: "Kandambili nyingine umemkopesha nani?"

"Ilibaki dirishani," akasema. Hakucheka. Hakukasirika pia. Alikuwa na ule uchovu wa mtu aliyekaa foleni mpaka amesahau anasubiri nini.

Akasimama, akaja kwenye pikipiki. Akalitazama lile birika muda mrefu. Nilijiandaa kusema uongo, lakini hakuuliza. "Umepata chuma kizuri," akasema. "Sasa antena ilaze. Isitazame juu. Ielekeze kule."

Kule kulikuwa ukutani. Magharibi, chini, kwenye ukuta wa matofali wenye matangazo ya kuzibua vyoo.

"Kaka, setilaiti iko juu."

"Fanya."

Nikailaza. Na redio, ambayo siku mbili ilikuwa imeninunia, ikasema kwa Kiswahili safi, sauti karibu kama mtu aliyekaa kwenye kiti cha nyuma: "...anasikitika kutangaza kifo cha mama yake mzazi. Habari ziwafikie ndugu Paulo wa Nzega, shangazi wa marehemu aliyeko Bukene, na wengine wote popote walipo."

Matangazo ya vifo. Nyumbani tunayasikia tukila, hakuna anayeacha tonge. Pale kifusini niliacha hata kujifuta jasho. Yule mtu aliinamisha kichwa, kila jina likisomwa anakunja kidole. Vidole vikaisha, akaanza upya. Sauti ikamaliza, ukaja muziki wa ala, akanyoosha vidole vyote.

"Leo tena hawakunisoma," akasema.

Ningekimbia. Wewe ungekimbia. Lakini miguu ile ilikuwa ya ghorofa nane mara sita kwa siku, haikunisikiliza. Ikabidi nibaki na adabu.

"Hawakukusoma kwa nini?"

"Nani atapeleka? Huku nani anajua jina langu? Watu wote wananijua kwa birika. Redio haiwezi kutangaza birika, dogo. Mama yangu kila siku anakaa pembeni ya redio, anasikia wa watu tu. Hajalia wala hajaacha kusubiri. Kalamu unayo?"

Nilikuwa na ile kalamu nene ya kuandikia marobota. Akanisomea kama mwalimu wa imla, mimi nikaandika kwenye mkono wangu, kuanzia kwenye kifundo kwenda juu: Elikana Maganga Luhende. Igunga, jirani na mnada wa ng'ombe. Mama, Nyanjige. Dada, Shija. Nikauliza, "Na nyumbani waambiwe ulikuwa unaumwa nini?"

"Sikuwa naumwa. Waligonga mlango, nikatoka kwa dirisha."

Halafu akainua kichwa kama mbwa. "Rudisha pikipiki. Wanakuja. Mama yako yuko juu."

Sikuwa nimemwambia habari za mama. Nilishika usukani, na amini, lile dude lililonitoa jasho la siku tatu likateleza kama baiskeli ya mtoto. Kuna mtu alikuwa anasukuma nyuma. Sikugeuka, maana nilijua mikono yake iko wapi: juu ya kifuniko chake. Nikaingia stoo, nikashusha shata la mlango, nikalala kifudifudi. Kwenye ule uwazi wa chini nikaona viatu vyeusi, jozi nne, zikipita polepole kuelekea kifusini. Zikasimama. Zikarudi. Zikaenda.

Nilipoinuka palikuwa na mimi, pikipiki, na joto.

Nilipanda ghorofa nane nikamwonyesha mama mkono, nikamsimulia yote. Kwanza alinizaba kofi, la kifuniko. Nilipofika kwenye habari ya dirisha akaketi. Mwaka uliopita, akasema, mtaa wa pili, mtu alianguka akikimbia ukaguzi wa pasipoti. Watu walisema Mkongo. Wakongo wakasema si wao. Hakuna aliyekwenda kumdai.

Mjomba aliporudi walilifungua lile sanduku wakiwa wawili, baada ya yeye kusoma dua na mama kusali. Chini ya mashati palikuwa na nakala ya pasipoti. Majina matatu, yale yale ya mkononi kwangu, na uso ule. Palikuwa pia na namba ya simu ya dada yake. Kuhusu redio Mjomba alinisikiliza mpaka mwisho, akasema taratibu, "Mwanangu, setilaiti ya huku haina kituo hata kimoja cha Kiswahili. Ile inayoangalia kwetu, ukiwa Guangzhou iko chini ya ardhi. Huwezi kuipata hata ukiweka bati la uwanja wa mpira." Kifuniko alikirudisha kwenye bawaba zake kwa mkono wake mwenyewe. Mteja wa Dar alipewa bati jipya, na redio yake nasikia inanyamaza kila akipita chini ya mti.

Mama alipiga simu Igunga. Nilisikia upande mmoja tu. Alisema jina zima, akasema, "Pole mama. Pole sana mama," mpaka vocha ikaisha. Kesho yake jioni dada mtu alituma ujumbe kwamba jina limesomwa redioni.

Mzigo wetu ulipakiwa, mama akaenda kujisalimisha, akarudi nyumbani kwa ndege kama watu. Mimi nimebaki na maradhi mawili. Silali mchana, hata nikiwa na homa. Na namuuliza kila mtu majina yake matatu na mama yake anakaa wapi. Bwenini wananiita Msajili. Waache wacheke. Nakwambia na wewe: usiguse mzigo wa mtu, na kama kuna mtu unaishi naye, unakula naye, na unamjua kwa jina la utani tu, kamuulize leo. Usisubiri akuulize yeye kama una kalamu.

Ile jioni, baada ya simu, nilikuwa nasugua wino mkononi kwa sabuni na haukutoka. Mama alinitazama kutoka kwenye jiko, macho mekundu, mwiko mkononi. Sijaongeza neno wala kupunguza. Alisema:

"Huku mimi ni Mama Neema na nyota mbili, basi. Jina langu la pasipoti ni Veronika Kabula Masanja. Lirudie mpaka lisikutoke, halafu njoo ule, ugali unapoa."