Maji Baridi ya Madigadi

Mume wangu alipoachishwa kazi ya kuendesha malori ya makontena, tulirudisha funguo za nyumba yetu ya kupanga Mikindani tukahamia kwa baba yangu, huko Shika Adabu. Nalisema upesi kwa sababu ndivyo tulivyolifanya, asubuhi moja, majirani hawajaamka vizuri. Kwa mwanamke kurudi kwao si jambo kubwa sana. Kwa mwanamume kukaa ukweni, kulala chini ya paa la mkwewe na kula kutoka sufuria ya mkwewe, ni jambo linalomla polepole. Sisi Wamijikenda hatuhitaji kuelezwa hilo. Yeye ni mtu wa bara, lakini kwao nako ni aibu ile ile.

Alikuwa mtu wa maneno mengi. Pale kwa baba akawa mtu wa "sawa." Ukimwambia chai iko tayari, sawa. Ukimwambia chai imemwagika, sawa. Aliamka kabla ya kila mtu akafagia uwanja uliofagiwa jana yake jioni, na akiketi aliketi kwenye ukingo wa kiti, kama mgonjwa anayengoja kuitwa na daktari. Mimi hasira zangu ziko karibu, sifichi, na zilinipanda kila nilipomwona hivyo. Chini ya hasira kulikuwa na woga. Niliogopa kwamba mume wangu anakwisha mbele ya macho yangu na sijui nimshike wapi.

Baba ndiye aliyejua pa kumshika. Nyuma ya nyumba, karibu na kisima, palikuwa na gari lake la zamani, refu, lililotengenezwa Ufaransa, lenye nafasi ya kubeba ukoo mzima na mbuzi juu yake. Alilinunua kuukuu siku alizokuwa dereva wa kiwanda kimoja huko Changamwe, na sisi watoto wake tumekulia humo. Miaka ya kuvuka feri na kurushiwa maji ya bahari, pamoja na upepo wa chumvi usiokoma, ilikuwa imelila kwa chini. Juu bado liling'aa. Lakini ukilala chali ukatazama uvungu wa madigadi, pale gurudumu linapojificha, uliona kutu imefanya magamba, na mahali pengine uliona mwanga wa upande wa pili. Kaka yangu alitaka liuzwe kwa wanunuzi wa vyuma chakavu. Baba akakataa. Alisema gari litatengenezwa, na wa kulitengeneza yupo hapa hapa nyumbani.

"Mkwe wangu," alimwambia mbele yetu sote, "wewe umeishi na magari makubwa, hili dogo halitakushinda. Nataka uniponyeshee hayo madigadi yote manne, yasiingie kutu tena."

"Sawa mzee," akasema mume wangu. Lakini nilimwona amesogea nyuma, ameuegemeza mgongo wake kwenye kiti.

Nikajua kwamba hapa hatuzungumzii gari. Kazi hii ikimwendea vizuri, atakuwa mtu tena nyumbani kwa baba yangu. Ikimharibikia, sikujua ningemwokota vipi, na sikutaka kujua.

Akalipiga jeki, akalipandisha juu ya matofali, akayavua magurudumu. Akachokonoa matope ya miaka, udongo wa Kwale na mchanga wa Likoni ulioshikana mpaka ukawa mgumu. Akasugua kwa brashi ya waya, kisha kwa msasa, mpaka chuma kikaonyesha weupe wake. Palipotoboka, fundi wa kuchomelea wa mtaani alikuja akatia viraka vya bati. Halafu akapaka dawa ya kutu, ile ya majimaji inayokigeuza chuma kiwe cheusi. Jioni anarudi ndani amejaa vumbi jekundu hadi kwenye nyusi, na baba anamuuliza kazi inaendeleaje, naye anajibu kwa sentensi nzima.

Dawa ilipofanya kazi yake, baba alikuja na kikombe chake cha kahawa, akainama, akachungulia, akaridhika.

"Sasa sikiliza, mkwe. Kabla ya rangi, osha humu mote kwa maji baridi. Uoshe sana, usinionee choyo, dawa yote itoke. Ukaushe vizuri. Kisha ndipo upake ile rangi nyekundu ya kuzuia kutu, na juu yake ile ya lami."

"Sawa mzee."

Mimi nilikuwa barazani nachambua mchicha. Nilisikia kila neno na sikuwaza lolote, maana maneno yenyewe nimeyasikia tangu utotoni.

Tangu hapo kazi ikaanza kukawia. Nilikuwa nashona nguo katika kiwanda kimoja, na kila nikirudi nilimkuta ameosha uvungu mmoja tu, na pengine nusu yake, naye ameketi juu ya gurudumu anangoja. Anangoja nini, hasemi. Siku moja nikakuta hajagusa kitu tangu asubuhi.

"Leo stima imepotea," akaniambia.

"Na hiyo brashi yako inatumia stima?"

"Sawa," akasema, akaniacha nimesimama na mkoba wangu begani, nimechemka.

Hata hivyo alimaliza. Alipaka rangi nyekundu, akaiacha ikauke, kisha akapaka lami kwa brashi pana, akairudia tena, akiipenyeza katika kila mkunjo na kuizidisha kwenye ukingo wa ndani, pale maji hupenda kukaa. Ikawa nyeusi, nzito, safi. Jumamosi majirani wakaja kutazama. Mume wangu akawaeleza habari ya kutu tangu mwanzo hadi mwisho, akiwaonyesha kwa mikono, akichutama na kuinuka, akiwachekesha. Nilisimama mlangoni nikamsikiliza akiongea, na moyo ukanitulia kwa mara ya kwanza tangu tuondoke Mikindani.

Jumapili, tumetoka kanisani na tumeshakula, tungali mezani, baba akaniita.

"Abee, baba."

"Hebu nipashie maji baridi nioge. Haya ya kisimani yananiwasha ngozi."

Nikainuka. Mume wangu, ambaye sasa alikuwa na kicheko tena, akacheka. "Mzee, maji baridi utaipasha moto aje? Si itakuwa moto sasa?"

Nami nikacheka. Baba hakucheka. Alimtazama mkwewe, akanitazama mimi, kisha akalichukua taulo lake kwenye kamba akaenda bafuni bila kungoja maji yoyote. Hapo ndipo kicheko kikanikauka.

Kwa baba, kama kwa wazee wengi wa pwani, maji ni ya namna mbili tu: ya chumvi na baridi. Maji baridi ni yale yasiyo na chumvi, hata kama yanatokota jikoni. Anaweza kukuambia maji baridi yamemwunguza, na hatuoni ajabu. Lakini mume wangu, miaka yote aliyokaa Mombasa, ameyaita maji tamu, au maji ya mkokoteni kwa kuwa tunayanunua kwa wauza maji. Baridi kwake ni baridi. Na pale karibu na gari kuna kisima, na juu ya kisima kuna ndoo, na maji ya kisima hicho yana chumvi mpaka sabuni inakataa kutoa povu. Na asubuhi maji hayo ni baridi kweli kweli.

Niliona yote kwa mkupuo. Chumvi ikibaki chini ya lami haitoki tena. Inajificha humo, inavuta unyevu, inatafuna bati taratibu, na siku moja lami inavimba na kubanduka na nyuma yake hakuna kitu, ni unga mwekundu. Ingebidi ikwanguliwe yote. Mbele ya baba, mbele ya kaka yangu aliyetaka gari liuzwe, mbele ya majirani wa Jumamosi. Nilimwona mume wangu amerudi kwenye ukingo wa kiti, na safari hii asitoke.

Nikamshika mkono nikamvuta hadi nyuma ya nyumba.

"Uliosha kwa maji gani?"

"Maji baridi. Si ndio mzee alisema?"

"Ya wapi?"

Akatazama viatu vyake vya kanisani.

"Nimekuuliza, ya wapi? Ya humu?" Nikaipiga ndoo ya kisima teke, ikabingirika hadi kwenye gari.

Akazidi kuvitazama, nami nikakichukua kimya chake kuwa ndiyo. Basi nikafungua mdomo. Nilimwambia asiyejua huuliza. Nilimwambia angeniuliza mimi kama anamwogopa baba. Nilimwambia mdomo hakupewa wa kulia chakula cha watu tu. Hilo la mwisho lilinitoka nikalisikia mwenyewe, na nikatamani ardhi ya Shika Adabu inimeze.

Akainua uso. "Ni ya friji," akasema.

"Nini?"

"Maji ya friji. Zile chupa za kunywa. Nilichukua zote."

Naye, kwa kuwa alikuwa ameshaanza, akamwaga yote.

"Mzee alisema maji baridi. Hii ya kisima ikifika mchana ni vuguvugu. Nikaona pengine chuma ikisuguliwa sana inataka kushtuliwa, ndio ikaze. Sikutaka kuuliza, nikaonekana sijui kazi. Kila chupa ikiisha, najaza tena kwa lile pipa la jikoni, narudisha kwa friji, nangoja ishike baridi. Ndio maana nilikaa hizo siku zote. Hiyo siku stima ilipotea, ilikataa kabisa kushika."

Pipa la jikoni ni la maji ya mkokoteni. Maji ya kunywa. Maji matamu, maji safi, maji baridi ya babu zangu wote.

Nikakumbuka juma lile nilivyokuta friji haina hata tone, nikapiga kelele nyumba nzima, nikawalaumu wageni wa kaka yangu ambao hawakuwa wamefika hata mlangoni. Mume wangu alikuwa ameketi pale pale, anakunywa chai ya moto, hasemi. Angesemaje, mtu anayekaa ukweni, kwamba maji ya kunywa ya baba mkwe ameyamwagia gari?

Niliketi chini, na gauni langu la kanisani, nikacheka huku machozi yananitoka, nikamshukuru Mungu kwa sauti kubwa, nikacheka tena. Yeye alisimama akinitazama kwa wasiwasi mpaka nilipoweza kumweleza maana ya maji baridi. Alishika kichwa kwa mikono miwili.

"Kwa hivyo ningechota tu kwa pipa?"

"Ungechota tu."

"Hizo siku zote? Nikilinda friji?"

"Hizo siku zote."

Akaketi kando yangu. Nilimwomba radhi kwa lile neno la mdomo na chakula. Akasema amesikia mabaya zaidi kwenye mizani ya malori, na akaanza kucheka naye, kicheko chake cha zamani, kile kilichokuwa kikiwakera majirani zetu Mikindani.

Bafu la baba liko uani, ukuta wake unatazamana na kisima. Hatukulikumbuka hilo mpaka mlango wake ulipolia na baba akatokea, taulo kiunoni, kichwa na masikio vimejaa sabuni ile isiyotoa povu.

"Kwa hiyo si ya kisimani?" akauliza.

Mume wangu akasimama haraka. "Hapana, mzee. Ni ya friji. Nisamehe, nilimaliza yote."

Baba akauegemea ukuta, akashusha pumzi ndefu. "Mimi nilijua ni ya kisimani," akasema. "Pale mezani ulipocheka nikajua huyajui maji baridi ni yepi. Roho ilinipasuka. Nikaja humu nikaifunika ndoo nikaikalia."

"Na mbona hukusema, baba?" nikamuuliza.

"Niseme nini? Nimwambie akwangue kazi yote ile, na watu wameshaiona?" Akajipangusa shavu kwa kiganja. "Nilishakata shauri. Acha lioze. Likianza kuvimba, ningewaambia gari lenyewe lilikuwa bovu tangu hapo."

Nilijua gari lile ni nini kwa baba. Mume wangu naye alijua, kwa kuwa mtu hawezi kusugua kitu kwa majuma asijue kimependwa kiasi gani. Aligeuka, akainama kwenye madigadi ya mbele akitupa mgongo, mkono wake ndani ya uvungu, akiipapasa lami kana kwamba anatafuta kasoro, na mabega yake yakitikisika. Baba hakumtazama. Akaenda upande wa pili wa gari, akachutama na taulo lake, akajifanya anakagua madigadi ya huko, anagonga kwa ukucha, anasema ahaa, kazi hii, ahaa. Nikawaacha. Walikaa hivyo, mmoja huku na mmoja kule, gari katikati yao, mpaka sabuni ilipomwingia baba jichoni akaanza kutupigia kelele tumletee maji.