Kwa Nini Kakakuona Aliitwa Bwana Mganga

Shangazi aliniita kwa ajili ya mtama. Ulikuwa mwaka wa kuhamia vijiji vya ujamaa, na mwenyekiti wa kijiji chake alikuwa amemwamuru ahame kabla ya kuvuna. Nikaondoka Mwankoko kwenda kumwombea kwa mwenyekiti, maana maneno ya wakubwa yalimpiga chenga.

Kiomboi nilishuka basi, nikadandia mkokoteni wa ng'ombe uliokuwa unaelekea Nduguti, kwa shangazi. Njia nzima watu walikuwa na habari moja tu: Bwana Mganga ametokea.

Jioni nilimkuta shangazi uani.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba, mwanangu. Umekuja siku njema. Bwana Mganga yuko kwa mwenyekiti."

Kumbe ni kakakuona, yule mnyama wa msituni mwenye magamba. Nilimwuliza jina hilo limetoka wapi.

"Wazee wetu walimpa. Haonekani ovyo huyu. Akitokea anawekewa vitu, naye anatuonyesha mwaka utakuwaje. Mganga gani mwingine anakuagulia bila kudai kuku?"

Asubuhi, mbele ya watu wote, walimwekea maji, mkuki na mtama. Maji ni mvua, mkuki ni vita, mtama ni mavuno. Mwenyekiti alitamka kwa kinywa chake kwamba mnyama akiugusa mtama, shangazi atabaki hadi avune. Bwana Mganga alijikunjua taratibu, akayapita maji, akaupita mkuki, akazamisha mdomo kwenye mtama. Vigelegele! Shangazi alicheza kama msichana.

Mchana walimchinja, wakamla, wakagawana magamba kuwa dawa. Mwenyekiti alijichotea mengi, na shangazi akapewa moja, akalifunga kwenye pindo la khanga.

Kesho yake lori lilikuja kumhamisha shangazi. Nilimkimbilia mwenyekiti.

"Ndugu Mwenyekiti, si uliahidi?"

"Bwana Mganga amesema kuna mavuno. Basi yatakuwa huko kijijini," alijibu bila hata haya. Vijana wake wakaezua paa la shangazi ili asirudi.

Niliondoka kwa lori hilohilo, nikiwa nimekaa na shangazi juu ya mizigo. Nilichojifunza ni kwamba watu wanaweza kumwita mnyama mganga, wakamshangilia, wakamla, kisha wakafanya walilokwisha kuliamua. Nina uchungu nao mpaka leo.

Tulipolipita shamba lake, ndege walikuwa wameujaa mtama ulioiva. Shangazi aliwatazama mpaka wakapotea machoni.

"Bwana Mganga hakukosea," alisema. "Tulimwuliza kama kuna mavuno. Hatukumwuliza atakula nani."