Mawese Juu ya Ampli

Juzi tulipeleka mujukuu wangu kwa bwana yake kule Kabambare, na arusi ikaingia kimya kama watu wanaotoka kuzika. Kosa ni langu, na haya bado iko mu uso wangu.

Baba yake, mukwe wangu, alikuwa amefunga mu jeep ampli ya kukuza sauti ya muziki na bafle za kuitoa, akanionya: «Mama, ampli iko na nguvu kupita bafle hizi. Ukipandisha sauti, zitaungua.»

«Miye si mutoto!»

Kufika kijiji cha Wamaza, mukwe akashuka kutazama kama pneu za jeep ziko na upepo. Miye nilikuwa nakula ndizi za kukaanga na mawese, mafuta mekundu, nikaona watu wa njiani hawasikie muziki yetu. Nikazungusha kifungo cha sauti cha ampli. Bafle zikakoroma, zikatoa moshi, zikanyamaza.

Akarudi. Nikasema: «Vyombo vya siku hizi!»

Mama mukwe hagombezwe. Mukwe akapangusa kile kifungo na kitambaa, kitambaa kikawa chekundu kwa mawese. Bibi-arusi akatazama vidole vyangu.