Fungua, Clarisse, Leo ni Zamu Yako

Kuna siku moja naikumbuka vizuri, Clarisse mwanangu, na nitakusimulia hata usipofungua mlango. Nimeshakaa hapa ngazini. Mama Mmoroko wa chini ndiye aliyenifungulia mlango wa barabarani, na ameniambia anakusikia ukitembea juu ya kichwa chake mchana na usiku, mtoto analia na wewe unalia. Halafu nikikupigia simu unaniambia uko salama: "Ça va, Maman Safi. Niko bien. Mutoto analala." Bien ya wapi? Juzijuzi tu umepasuliwa tumbo kumtoa mtoto, mume wako yuko na lori lake Poland, na wewe umejifungia humu Molenbeek peke yako kama umeiba kitu.

Naogopa, sikufichi. Naogopa utaanguka humo ndani na mtoto mikononi. Tangu asubuhi sijaweza kukaa. Nimepika sombe, majani yetu ya muhogo, nimeifunga sufuria kwenye kitambaa, nimepanda metro kutoka Koekelberg, nimebonyeza kengele yako mpaka kidole kimechoka. Haya, taa ya ngazi nayo imezimika. Ngoja niinuke niiwashe. Taa za Brussels hazina subira, kama mimi.

Bon. Sikiliza.

Kabla hatujaja Ubelgiji kwa ndugu za mume wangu, ukimbizi ulitupeleka kwanza Amerika, Pennsylvania. Shambani, si mjini. Majirani zetu walikuwa Waamishi. Labda umewaona kwenye picha: wanaume wana ndevu bila masharubu, wanawake wana kofia nyeupe na gauni refu, na gari lao ni la farasi. Ni watu wa kumwogopa Mungu. Umeme hawauingizi nyumbani, simu hawaiweki ndani. Mimi nilitoka Bukavu, nimezoea jirani anayeingia na kufunua sufuria kabla hajasalimia. Hawa walikuwa wananyoosha mkono tu kutoka garini, basi. Nikajiambia, hawatutaki.

Nikashika mimba. Ile ya kwanza ilitoka njiani tukikimbia vita, kwa hiyo hii nilikuwa naiomba hata usingizini. Ilipofika miezi sita, damu ikaanza. Daktari akasema nilale, nisiinuke mpaka nijifungue, la sivyo mtoto nitampoteza. Nilale! Mimi, ambaye mhubiri hajamaliza kusema amina nimeshasimama! Mume wangu alikuwa kwenye kiwanda cha kuku, anaondoka giza, anarudi giza.

Sikumwambia mtu. Aliyegundua ni Lydia, bibi wa shamba la jirani, kwa sababu aliona kamba yetu ya nguo iko tupu. Kwao Jumatatu ni siku ya kufua, kila nyumba inaanika, na kamba isiyo na kitu ni habari mbaya. Jumatatu iliyofuata farasi akasimama mlangoni kwetu. Wakashuka wanawake watatu. Hawakuniuliza nahitaji nini. Mmoja alikusanya nguo chafu, mwingine akaingia jikoni, Lydia akavuta kiti karibu na kitanda changu akaanza kuchambua maharage.

Unadhani nilifurahi? Nilikasirika, mwanangu! Nguo zangu za ndani mikononi mwa mwanamke nisiyemjua jina! Na zile sahani za juzi! Nikawaambia kwa Kiingereza changu cha kuokoteza, "Asanteni, niko sawa, nendeni tu." Wakaitikia kwa adabu, wakaendelea kufua.

Wakawa wanakuja kwa zamu. Nami nikapata akili ya kijinga. Siku ya kuja kwao naamka kabla hawajafika, naosha vyombo, napiga deki, narudi kitandani na kujifanya nimelala, ili wasikute uchafu wa kwenda kunisema. Asubuhi moja niko magotini na kitambaa cha deki mkononi, nikahisi joto mapajani. Damu. Nikalala palepale sakafuni. Simu niliiona juu ya meza na sikuthubutu kuinuka. Nilimwambia Mungu, huyu pia? Huyu pia unamchukua?

Namsikia mtoto wako analia humo. Mweke begani, mama, umpapase mgongo taratibu. Ngoja nisimame kidogo, kukaa kwenyewe siwezi akilia hivyo.

Alors, Lydia ndiye aliyenikuta. Aliita gari la wagonjwa kwa simu yangu ile ya mezani, hospitali wakaizuia ile damu, mtoto akabaki. Niliporudi nyumbani Lydia alikuja peke yake. Alikuwa mama mpole sana, lakini siku ile uso ulikuwa mwekundu.

"Ulikuwa unamsafishia nani?" akaniuliza.

"Ninyi. Nilikuwa naona haya."

"Haya! Mwaka jana ghala letu liliungua. Watu walifika na mbao na misumari kabla majivu hayajapoa. Mume wangu alikuwa ameungua mikono, hawezi kushika nyundo. Alikaa kwenye kiti, akawatazama wenzake wakimjengea. Unadhani ilikuwa rahisi kwake? Lakini ilikuwa zamu yake ya kukaa. Sasa ni zamu yako ya kulala. Ukiikataa, siku yetu nyingine ikija, sisi tutakuja kwako kwa uso gani?"

Nililia, Clarisse. Nililia kwa hasira kwanza, kisha kwa kitu kingine. Kumbe mimi nilijiona mzigo, na wao walikuwa wananihesabu kama mmoja wao.

Wiki ile wakaileta fremu yao kubwa ya kushonea mablanketi ya viraka, wakaiweka chumbani kwangu, wakaizunguka. Wanashona, wanacheka kwa Kijerumani chao cha zamani, wananitania kwamba mtoto atazaliwa akijua kupanda farasi. Vumbi chini ya kitanda waliliona na hawakulisema. Miguu yangu ilikuwa inawasha kwa hamu ya kuinuka, na nilibaki nimelala mpaka mwisho. Mtoto mwenyewe ni Dani, huyo huyo mnayemwomba apunguze sauti kwenye kwaya ya kanisa letu.

Na Lydia alipofiwa na mume wake, sikumwuliza nimsaidie nini. Niliingia jikoni kwake nikaanza kuosha vyombo. Alikaa. Aliniachia.

Huku Brussels tumekuwa hodari wa kuandika "courage, maman", jipe moyo mama, kwenye simu, na vile vimikono viwili vya kuomba. Mgonjwa naye ni hodari wa kujibu "merci, ça va". Wote tunaridhika, tunaendelea na mambo yetu. Nani ameosha chupa ya mtoto? Hakuna! Nakasirika nikifikiri hayo, nakasirika hata na mimi mwenyewe, maana ningekuja wiki iliyopita.

Basi ninachotaka ukishike ni hiki, mwanangu, wewe na wenzako wote mnaojikaza peke yenu kwenye vyumba vya mji huu. Jirani akiwa taabani, usimwambie akuite akihitaji kitu. Hana nguvu za kukutafuta. Nenda, tazama kilichokosekana, kifanye. Na wewe ukiwa taabani, pokea. Pokea na nyumba ikiwa vurugu, nywele hazijasukwa, nguo ina maziwa. Ukinifukuza leo, kesho nikivunjika mguu kule Koekelberg nitaona haya kukuita, na tutazeeka kila mtu nyuma ya mlango wake, tukiambiana ça va.

Mungu akupe usingizi, mwanangu. Akushonee hilo tumbo likaze, amrudishe mume wako salama na lori lake, ampe mtoto huyu shangazi wengi na wajomba wengi wa kumbeba mpaka asijue nani alimzaa. Na siku ya zamu yangu, akulete wewe mlangoni kwangu.

Magoti yangu yamekufa ganzi, lakini siondoki. Nikilazimika nitalala hapa hapa, huyu Mmoroko atanipa shuka.

Eh! Ni ufunguo huo?

Usiseme kitu, mama. Usiseme kitu. Nipe mtoto, wewe nenda ukalale.