Jino la Mtoto Kwenye Kituo cha Msitu

Kazini walimwita Mama Nyavu. Kila asubuhi alizungukia nyavu zilizofungwa chini ya miti inayopukutisha majani kiangazi, akakusanya vilivyodondoka: majani, vijiti, matunda yaliyong'atwa na nyani. Kisha alirudi kwenye chumba cha mizani, akavichambua, akavikausha, akavipima. Watafiti walitaka kujua msitu unapoteza nini na wanyama wanakula nini.

Hakujaliwa kuzaa. Mtoto aliyemlea alikuwa wa mdogo wake, aliyemwachia hata kitovu hakijapona, akaenda ng'ambo kutafuta maisha. Miezi ikazaa miaka. Mtoto akajua mama ni mmoja tu, huyu anayerudi jioni akinuka majani makavu.

Jino lake la kwanza liling'oka likabaki kwenye embe.

"Mama, naoza?"

"Huozi. Unapukutika kidogo tu. Litaota jingine."

Pale kituoni alikuwepo daktari mmoja, mwanamke, aliyechunguza meno ya nyani wachanga. Akaliomba jino lile alilinganishe na ya nyani. "Jino hukua kwa matabaka kama mti," alieleza. "Utaona alipozaliwa, miezi ya maziwa, hata alipougua." Mama Nyavu akampa, akajigamba kituo kizima kwamba mwanawe ameingia kwenye sayansi.

Haukupita muda, mdogo wake akarudi. Alikuwa ameolewa, ana nyumba mji mwingine.

"Dada, Mungu ndiye atakayekulipa. Lakini mtoto ni wangu."

"Sijasema si wako. Mwache amalize mwaka wa shule."

"Akimaliza huu utaniomba mwingine. Kila nikichelewa, ndivyo anavyozidi kuwa mgeni kwangu."

Mama Nyavu alijua ni kweli. Uchungu wa mwana aujuaye mzazi, watu husema; wa kwake yeye hawakuupa jina. Akazikunja mwenyewe nguo za mtoto. Mtoto akaambiwa anakwenda kutembea tu, na aliyemwambia uongo huo ni yeye.

Wiki iliyofuata alimwendea daktari kulidai lile jino. Lilikwisha kukatwa vipande vyembamba, vimebandikwa kwenye kioo. Daktari akaona haya, akamsogezea hadubini.

"Maziwa aliyokunywa yanaonekana?"

"Yanaonekana. Ya kopo, tangu mwanzo."

"Na aliyemnywesha?"

Daktari akavua miwani. "Hilo halionekani, dada."

Likizo ilipofika Mama Nyavu akafunga safari kwenda kumwona mtoto. Mtoto ndiye aliyefungua mlango. Alikuwa amerefuka, meno mapya yamechomoza nusu.

"Shikamoo, mama mkubwa," alisema kwa adabu, kisha akageuka kumtazama mama yake, kuona kama amepatia.

"Marahaba, mwanangu."

Alikaa, akaisifu nyumba, chai ikampoa mkononi. Mtoto alijibu kila alichoulizwa, akaenda kucheza. Mdogo wake alimsindikiza hadi kituo cha basi, na njiani hakuna aliyemwangalia mwenzake usoni.

"Utakuja tena, dada?"

"Nitakuja."

Mwaka ule hakwenda tena. Asubuhi ya kwanza aliporipoti kazini baada ya likizo ile, matunda yalikuwa yamejaa nyavuni, mengine yameanza kuvunda. Mwenzake wa mizani akamwuliza habari za mtoto.

"Hajambo," alisema. "Amenenepa." Akaendelea kuchambua.