Herufi za Jina la Furaha

Muuguzi alipoita jina hilo mara ya kwanza, Kahambu aligeuka nyuma kumtafuta mwenye mtoto.

"Mama Pourahati! Mama Pourahati iko wapi?"

Kina mama waliokuja na watoto kuchanjwa walitazamana. Mmoja akanong'ona kwamba labda ni mtoto wa Mhindi. Muuguzi akaita tena, akasubiri, kisha akaiweka ile kadi pembeni na kuendelea na wengine. Benchi likapungua watu, watoto wakalia mmoja baada ya mwingine, mwisho akabaki Kahambu peke yake na binti yake mgongoni. Akasimama kuuliza kwa nini mtoto wake amerukwa.

"Si ndiye huyu?" muuguzi akamwonyesha kadi iliyobaki. "Pourahati."

"Hapana, mama. Anaitwa Furaha."

Muuguzi akaisogeza kadi karibu na macho. "Furaha? Sasa hii P imetoka wapi? Na hii T ya mwisho, ni ya nani?"

Kahambu akamfungua binti yake mgongoni. Mtoto akachomwa sindano, akalia, akanyamaza, na mama yake akashika njia ya kurudi nyumbani, mtaa wa Ndosho, akiligeuza swali lile kichwani. T ya mwisho ni ya nani?

Kwa kweli alijua ilikotoka. Kahambu ni wa kabila la Wanande, na kwao mtoto wa kike hupewa jina kwa kufuata zamu ya kuzaliwa. Mtu hachagui. Ndiyo maana shuleni, kule Butembo, walikuwa Kahambu wanne katika darasa moja, na mwalimu akamwita yeye Kahambu wa dirishani kwa sababu ya mahali alipokaa. Alipohamishwa benchi, jina halikuhama naye. Mpaka anamaliza shule alikuwa bado wa dirishani, naye alikuwa anakaa karibu na mlango.

Alipopata mimba alijua jina analolitaka: Furaha. Lakini Furaha ni wengi mno Goma. Simama barabarani uite, utaitikiwa kutoka kila ua. Basi akakaa na kalamu, tumbo likiwa kubwa, akajaribu kuliandika hivi na vile. Alikumbuka kwamba katika Kifaransa P na H zikikaa pamoja zinakuwa F, na O na U zikishikana zinakuwa U. T aliiongeza kwa sababu bila hiyo jina lilionekana limetoka nyumbani bila viatu. Likawa Phourahat.

Mume wake Janvier, fundi wa kuchomelea vyuma, mtu wa Masisi, alicheka mpaka akaweka chini kikombe cha chai. "Mutoto wetu, siku ya examen, wenzake batakuwa bamejibu maswali mbili, yeye bado anaandika jina." Lakini hakukataa. Mke ndiye aliyebeba mimba, alisema, na mke achague.

Sasa, baada ya siku ile ya chanjo, Kahambu alishikwa na hamu ya kujua. Ana saluni ndogo ya mbao kando ya barabara, na upande wa ndani wa mlango umepakwa rangi nyeusi, huwa anaandika hapo mitindo ya nywele. Akafuta yote, akaandika kwa chaki, herufi kubwa: PHOURAHAT. Kila aliyeingia akamwuliza swali moja: hii inasomwaka namna gani?

Mwanafunzi wa chuo kikuu akasoma "Fura-a," akaimeza H na kuiacha T, akaeleza kwamba Kifaransa kiko hivyo. Mama muuza makaa akaisoma herufi baada ya herufi kama anayevuka mto kwa kukanyaga mawe: "Po-u-ra-ha-ti." Dereva wa pikipiki aliyemleta mteja akachungulia na kuuliza kama ni dawa mpya ya malaria. Mke wa askari kutoka kambi ya Katindo akasema bila shaka ni kanisa, akataka kujua ibada zinaanza saa ngapi. Muzee Ntirenganya, mshona viatu wa jirani, akaliangalia kwa muda mrefu, mikono mgongoni, akatoa hukumu: "Hii ni Kiarabu." Akarudi kwenye viatu vyake.

Hakuna aliyesema Furaha. Na jambo la ajabu, Kahambu hakuona haya tena. Alianza kufurahia kuuliza. Alimtazama mtu mdomoni kabla hajatamka, akijaribu kubahatisha atatoa nini, na alipokosea alicheka peke yake. Ila jioni, akimnyonyesha mtoto, swali lilirudi na uzito mwingine. Huyu ataishi na watu hawa hawa. Kila mmoja atamwita lake.

Wiki ile ile akaingia mwanamke ambaye hajawahi kumwona, mrembo, mweusi wa kung'aa, amefunga kitenge cha kijani. Alitaka kusukwa. Akakaa kwenye kiti, akainua macho mlangoni.

"Furaha," akasema.

Kichana kikasimama hewani. "Umejuaje?"

"Mimi pia, papa yangu alinifanyia hivi." Akaomba chaki, akainuka, akaandika chini ya lile jina: IGUIHOZEAU.

Kahambu akajaribu. "Igu... Igwi... ho-ze-a-u?"

"Igihozo," mwanamke akasema, akirudi kukaa. "Kwetu inasema mwenye kutuliza. Papa alikuwa mwalimu, alipenda Kifaransa kuliko chakula. Akasema mutoto wake hawezi kuandikwa kama mutu yeyote."

"Na wewe, ilikusaidia ao ilikusumbua?"

Iguihozeau akainamisha kichwa. Kahambu akaendelea kugawa nywele.

"Nilikuwa mutoto mudogo," mwanamke akaanza. "Vita ilitufukuza Masisi. Kwenye barabara ya Sake watu walisukumana, mukono wa mama ukaniponyoka. Nikafika kambi ya Mugunga na watu nisiowajua. Kulikuwa papa mumoja, mutu muzima wa kambi, alikuwa anaita majina ya watoto bamepotea, na mégaphone ya kupaza sauti. Mama alifika kambini siku ingine, akasikia banaita Igihozo. Akakimbia. Akakuta mutoto wa wengine. Banaita Igihozo tena, akakimbia tena, si mimi. Alisema mara ya pili ile alikaa chini kabisa. Batoto ba jina hilo tulikuwa wengi."

"Halafu?"

"Halafu yule papa akafika kwa jina langu. Mimi ndiye nilimwandikia, papa yangu alikuwa amenifundisha. Akaanza: Igi... Igui... akarudia, Iguihoze... akakwama, akasema pardon, akaanza tena. Mama akasikia kule kukwama. Akasimama. Akaniambia, tangu uzaliwe sijaona mutu anasoma jina lako bila kukwama, ndiyo nikajua uko wewe. Alikuja anapiga kelele kabla sijamuona."

Kahambu aliacha kusuka. Akajifuta macho kwa nyuma ya mkono, maana vidole vilikuwa na mafuta. "Basi ni jina zuri," akasema. "Sitabadilisha kitu."

Mwanamke akacheka. "Ngoja kwanza, dada. Diplome yangu imeandikwa kivyake. Carte ya kitambulisho kivyake. Siku nilitaka kazi, baliniuliza hizi karatasi ni za nani na nani. Nilizunguka kwenye maofisi mpaka viatu vikaisha."

"Una mutoto?"

"Iko mumoja."

"Anaitwa nani?"

"Anna."

"Anna tu?"

"Anna tu. Nilichoka." Kisha, akijitazama kwenye kioo: "Lakini siku zingine namuangalia anacheza na wenzake, najiuliza, tukipotezana, mimi nitamujua na nini?"

Alipoondoka, Kahambu alibaki ameshika chaki. Kabla ya hapo alidhani kuna jibu mahali, na mtu mwenye kulijua ataingia siku moja kwa mlango ule. Sasa aliyeishi na jambo lenyewe maisha yake yote ameingia, amesukwa, ametoka, na hata yeye hajui.

Nyumbani alimkuta Janvier uani, amevaa miwani yake ya kazi, anatabasamu kama mtu aliyeficha kitu. Akamvuta mpaka kwenye lango. Badala ya mbao za zamani zilizooza, alikuwa amefunga lango jipya la chuma, na juu yake, kwa herufi za nondo, zenye urefu wa mkono: PHOURAHAT.

"Nilikuwa nacheka," akasema. "Lakini nikichora ile P, nikaona kumbe iko muzuri. Sasa naipenda."

Kahambu akapitisha kidole kwenye ile T ya mwisho.

Jumamosi walikwenda parokiani kuandikisha ubatizo. Katekista Émile, kijana mpole mwenye kalamu nyuma ya sikio, akauliza jina la mtoto.

"Furaha," Kahambu akasema.

"Furaha. Tunaandika kawaida?"

Janvier akamtazama mke wake. Mtoto alikuwa amelala, mdomo wazi. Kahambu akamwangalia na kuona kwamba yeye hajawahi kukaa dirishani wala mlangoni. Hajawahi kukaa popote. Zile herufi alizitaka msichana mmoja wa Butembo, yule wa dirishani, kwa ajili yake mwenyewe.

"Kawaida," akasema. "Lakini unaongeza Igihozo. Furaha Igihozo."

"Hiyo ni kwetu," Janvier akasema kwa mshangao. "Umeitoa wapi?"

"Nitakuambia."

Alimweleza njiani, yote, mpaka kule kukwama kwa yule papa wa Mugunga. Janvier alisikiliza mpaka mwisho. Walipofika mbele ya lango ndipo akasimama. "Sasa na hii? Mwanzo ulitaka, mimi nikacheka. Nimependa, wewe umeacha. Nondo yangu yote hii!"

"Iache hivyo."

"Hapana. Mutoto asikute jina la mutu mwingine kwa lango lake."

Akaleta mashine yake ya kukata. Tumbo la P akalikata katikati na kuzinyoosha ncha zake mbili, ikawa F. H ya kwanza ikatoka, O ikatoka, T ikatoka. Zilizobaki zilikuwa zimeshika sana, hazikusogea. Hivyo kati ya F na zile nyingine pakabaki nafasi kubwa, na lango mpaka leo linasomeka F URAHA. Mgeni wa kwanza kugonga, mtu aliyetaka dirisha la chuma, aliuliza kwa heshima kama Monsieur Uraha yuko nyumbani.

"Iko amelala," Kahambu akamjibu. "Ingia, utaongea na papa yake."