Kifungo Kilichoyeyuka

Jamani, mnaojua kufua, niambieni: mmewahi kuona kifungo kikiyeyuka?

Mimi nimeona.

Mteja alitua mlangoni kwetu na blauzi inayochuruzika maji. "Fundi yuko wapi? Nimeloweka blauzi, nakuta kifungo kimegeuka uji!"

Fundi ni mama mkwe wangu. Sifa yake ni vifungo: anachukua kifungo kidogo cheupe, anakivisha kitambaa cha nguo yenyewe, utadhani vimezaliwa pamoja.

Nikakishika kile cha mteja. Kitambaa kimenywea, ndani unga mweupe uliolowa. Nikaonja kwa ncha ya ulimi.

Chungu!

Mama mkwe, namwita Mama tu, ndiye anayebaki na mwanangu, tunayemwita Bosi, nikienda darasa la jioni. Shule niliikatisha kwa ujauzito, na sasa mtihani unabisha hodi. Bila Mama, sina shule.

Na siku zile alikuwa na usingizi wa ajabu. Analala cherehani ikizunguka. Kuna jioni nilimkuta anakoroma, Bosi kakaa kando anampepea kwa karatasi ya kukatia nguo.

Nikafungua kopo lake la vifungo. Loo! Vifungo na vidonge vimelala pamoja kama ndugu.

"Mama, hiki cheupe cha nini?"

"Goti."

"Na hiki?"

"Goti. Kanipa shoga yangu muuza mkaa. Chake kikali."

"Na hiki?"

"Goti hilo hilo, likijifanya halisikii."

"Hiki cha njano?"

"Mafua."

"Una mafua?"

"Sina. Unaona kinavyofanya kazi?"

Nilicheka. Kisha nikaona mkono wa Bosi umeshaingia kwenye kopo, kicheko kikakauka.

Nikampeleka Mama duka la dawa na kopo lake; dada muuzaji akavipanga vidonge mezani. Vile vyeupe vitatu: majina tofauti, dawa moja. Cha njano nacho kina dawa hiyo hiyo, na juu yake kitu cha kuleta usingizi.

"Bibi, unameza dawa moja kwa majina manne. Ikizidi inaharibu ini. Nendeni hospitali leo hii."

"Mbona zinauzwa bila cheti?" Mama akang'aka.

"Hata visu vinauzwa bila cheti, bibi."

Hospitali wakamtoa damu. Tukakaa kwenye benchi kusubiri majibu, Bosi mapajani.

"Mama, naacha shule."

"Thubutu!"

"Kwa nini hukusema goti linakuuma?"

Akachezea vidole vya Bosi. "Huyu bwana mzito, anataka kubebwa. Ningesema goti, ungebaki nyumbani. Mimi shule yangu iliishia jikoni, mwanangu. Yako haiishii huko nikiwa hai."

Nikalia kama mtoto. Bosi akanipepea na mimi.

Majibu yakaja: ini lilikuwa bado salama. Daktari akamwonya, kisha akauliza, "Katika dawa zote hizo, ipi ilikusaidia zaidi?"

Mama akachangamka. "Ile niliyomeza siku namalizia blauzi ya mteja! Ngumu hiyo, niliisukuma kwa vikombe viwili vya chai. Lakini goti lilinyamaza siku nzima!"

Siku ya blauzi.

Kama kidonge kilishonwa kwenye blauzi, basi Mama alimeza nini?

Nilimtazama daktari. Daktari akainama chini ya meza kutafuta kalamu iliyokuwa mkononi mwake.

Siku hizi dawa zina kabati lake, juu, lenye kufuli. Goti linatibiwa na mtu anayejua magoti. Jioni Bosi anabebwa na baba yake, ambaye kumbe mgongo anao.

Wapendwa, chungulieni makopo ya wazee wenu, kwa upole. Mzee akikwambia haumwi, muulize anameza nini hata asiumwe.

Yule mteja nimemshonea kifungo kipya kwa mkono wangu.

Nilikiuma kwanza.